Mfuniko wa Kuitia Watoto

Bibi alipofika kwa binti yake hakuuliza maji ya kunywa. Aliuliza ufunguo uko wapi. Mlango wa mbao ulikuwa na kitasa chake, mbele yake kulikuwa na geti la nondo lenye makufuli mawili, na kila dirisha lilikuwa na vyuma kama duka la dhahabu. Ndani ya vyuma hivyo aliishi mjukuu wake, msichana wa miaka saba mwenye maneno mengi, hata Bibi akamwita Chiriku siku ile ile.

"Mwanangu," alimwambia binti yake, "huyu unamlea au unamfuga?"

"Mama, usianze."

"Sijaanza. Nauliza tu. Maana kuku wa nyama naye anakula, analala, anafungiwa, na miguu haina nguvu ya kumfikisha popote."

Binti alikuwa keshia wa duka kubwa. Alitoka alfajiri na kurudi miguu imevimba. Mumewe aliendesha lori la mizigo, nyumbani akionekana kama mwezi mwandamo. Juu ya kabati la vyombo palikuwa na kamera ndogo, na foleni ikipungua kazini, binti alichungulia simu yake kuona mtoto amekaa wapi na anafanya nini. Bibi aliizoea kamera hiyo upesi. Akiamka aliipungia mkono. "Umeamkaje huko, mwanangu? Sisi wazima. Mwanao amekataa kunawa uso."

Lakini jambo moja hakulizoea, nalo alilisema kila siku: mtoto ashuke chini akacheze. Na kila siku binti alimjibu vile vile, mpaka jioni moja akavua viatu, akakaa, akasema taratibu, "Mama, nakuheshimu. Ila siku utakayomtoa Chiriku mimi sipo, nitakukatia tiketi ya basi urudi kwako. Mtoto mwenyewe ni huyu mmoja. Dunia yako imekwisha, Mama. Haipo tena."

 Mdomo wa Bibi ulinyamaza, moyo haukunyamaza.

Basi alichobaki nacho kikawa hadithi. Chiriku akitoka shule, akishafungiwa, walikaa wote sakafuni, Bibi akaanza.

"Sisi tulikuwa tunatoka na jua. Hakuna aliyetuuliza mnakwenda wapi, maana hata sisi hatukujua. Mara mtoni, mara kwenye machimbo ya mawe, mara juu ya malori mabovu nyuma ya karakana. Ukianguka unainuka. Ukilia unachekwa. Njaa ikikubana unaingia nyumba yoyote inayotoa moshi, unapewa sahani. Ukikosa adabu unapewa kofi la huko huko, na ukifika kwenu unapewa jingine la kukusindikizia usingizi."

"Na mama yako alikuwa anakupigia simu?"

"Simu ya wapi! Alikuwa na mfuniko wa sufuria. Jua likikaribia kuzama anatoka uani, anagonga kwa upawa. Kila mama alikuwa na mdundo wake. Wa kwetu ulikuwa wa haraka haraka, halafu anauburuza upawa, kwaaa! Hata tungekuwa kundi zima juu ya lori, mfuniko ukilia, anashuka mtoto wa mama yule tu. Wengine wanaendelea."

"Na ukijifanya hujasikia?"

"Fimbo inakuzibua masikio."

Chiriku alicheka mpaka akapata kwikwi. Siku zile alijifunza kugonga mdundo ule juu ya meza, kwa kijiko, na kuuburuza mwishoni bila kukosea.

Siku ya siku umeme ulikatika mchana. Feni ikasimama, na kamera juu ya kabati nayo ikalala, taa yake ndogo ikazimika. Joto likajaa chumbani kama maji kwenye ndoo. Chiriku alikwenda kusimama kwenye geti, akashika nondo kwa mikono miwili, hakusema neno. Angelalamika, Bibi angemkaripia. Kule kunyamaza ndiko kulikomshinda.

Alichukua funguo.

"Unaishia pale chini, uani. Getini hutoki. Ukisikia mfuniko, mguu niponye. Sawa?"

"Sawa!" Sauti ilikuwa tayari kwenye ngazi.

Bibi alisogeza kiti dirishani. Walikaa ghorofa ya tatu, na ua wote aliuona: magari machache, kamba za nguo, kibanda cha mlinzi. Chiriku alizunguka mara ya kwanza kama aliyepoteza kitu. Baadaye alianza kukimbia. Baadaye tena akaingia muokota vyuma na mkokoteni wake, mwanamume mwembamba wa makamo, kofia imemwangukia masikioni. Mlinzi alimruhusu kila wiki aje kuchukua vyuma chakavu na betri mbovu. Haikuchukua muda, Chiriku alikuwa juu ya mkokoteni, amekaa katikati ya rimu na mabati, anasukumwa kuzunguka ua huku anapiga mayowe ya furaha.

"We baba!" Bibi aliita kupitia vyuma. "Mwangalie huyo asije akaanguka!"

Yule mtu aliinua uso, akacheka. "Usihofu, mama! Huyu mwepesi kuliko betri! Nikimpeleka mzanini hanipi hata ya soda!"

Bibi naye alicheka. Moyo wake ulitulia kuliko siku zote tangu afike. Alimwona mjukuu wake amefungua kinywa chote, meno na mapengo nje, akasema peke yake, kumbe hiyo dunia ipo. Ilikuwa imefungiwa tu.

Jua lilipoanza kushuka, mkokoteni ulipita nyuma ya jengo, upande asioweza kuuona. Umeme haukuwa umerudi, na uani giza lilikuwa linaingia mapema. Binti naye alikaribia kurudi. Bibi akainuka, akaingia jikoni, akachukua mfuniko wa sufuria kubwa na upawa.

Kulikuwa na jambo asilolijua, kwa kuwa lilitokea kabla hajaja. Wezi walikuwa wameingia katika jengo lile, wakavunja nyumba mbili, na baba mmoja aliyetoka kupambana nao akakatwa mkono. Wakazi walikaa kikao, wakakubaliana: atakayemwona mwizi asipige simu, simu huchelewa. Agonge sufuria. Na kila mwanamume atakayesikia atoke na alichonacho. Binti aliijua habari hiyo vizuri sana. Kumwambia mama yake hakukumbuka, maana ni nani angedhani mama yake atagonga sufuria?

Bibi aligonga. Haraka haraka, kisha akauburuza upawa, kwaaa! Akagonga tena kwa nguvu zaidi, apate kusikika nyuma ya jengo.

Milango ilianza kufunguka. Ghorofa ya chini, ya pili, ya nne. Akasikia viatu kwenye ngazi, akadhani watu wanawahi dukani. Kule nyuma, Chiriku alisikia pia. Baadaye alieleza kwamba alimwambia yule mtu, "Naitwa! Nikichelewa nitachapwa!" na yule mtu akasema, "Basi shika vizuri, nikuwahishe." Ndivyo alivyotokea kwenye kona, anakimbia kwa nguvu zake zote, anasukuma mkokoteni wenye mtoto anayepiga mayowe, sufuria inalia juu yao.

"Mwizi wa mtoto!" mtu alisema.

Bibi alipiga kelele dirishani. "Siyo! Namwita mjukuu wangu! Namwita tu!" Hakuna aliyetazama juu. Akakimbilia ngazi, mfuniko bado mkononi, na kila alipougonga ukutani kwa haraka yake, ulilia tena.

Alipofika chini walikuwa wengi, wamefanya duara. Chiriku alikuwa amebebwa na mwanamke mmoja kando, lakini macho hakuna aliyemziba. Bibi aliwasukuma watu kwa viwiko. "Ni mimi! Ni mimi niliyegonga! Mtu huyu hajafanya kitu!"

Ikabidi aseme mara nyingi kabla hawajasikia. Waliposikia, mikono ilishuka mmoja mmoja. Mwenye rungu alilificha nyuma ya mguu. Kijana mmoja aliguna, akasema, "Sasa bibi, si ungemwita kwa jina?"

Mlinzi na mwenzake walimpakia muokota vyuma kwenye mkokoteni wake mwenyewe, wakamsukuma hospitali. Kofia ilibaki chini. Kesho yake mlinzi alirudi zamu bila kumwangalia mtu usoni, akasema mtu yule hakuamka.

Bibi alifunga kibegi chake. Alingoja tiketi. Tiketi haikuja. Walikuja majirani na sabuni na sukari, wakamshika mikono. "Bibi, Mungu akuweke. Usingegonga, mtoto angekuwa wapi leo?" Akawaambia hakuona mwizi, wala hapakuwa na mwizi. Wakatikisa vichwa kwa huruma. Mshtuko huo, walisema, mtu mzima bado hajatulia.

Walipotoka, binti alifunga makufuli yote mawili, akakaa karibu na mama yake.

"Mama, unyamaze sasa."

"Wewe unajua kweli ni ipi."

"Najua. Polisi wameandika mwizi wa watoto. Ukisema vingine, wanaofungwa ni nusu ya jengo. Baba Pipi wa ghorofa ya kwanza ana watoto wanne. Na sisi tutabaki hapa na akina nani?"

"Na yule aliyekufa hana watoto?"

 Binti alikuwa analia bila sauti, kama anayelia kazini. "Nilikukataza, Mama," alisema mwishowe. "Nilikukataza." Akaenda kulala na nguo za kazi.

Umeme ulisharudi, kamera juu ya kabati imewasha taa yake. Siku zilipita. Shuleni, gari la shule likaagizwa limfikishe Chiriku mpaka kwenye ngazi. Alikula, aliandika kazi zake, maneno yakawa ya kuhesabu. Alasiri moja akamfuata Bibi jikoni, akasimama nyuma yake.

"Bibi. Mama amesema yule alikuwa ananiiba. Alikuwa ananiiba kweli?"

Bibi alikuwa anaosha vikombe. Alijua kwamba akijibu ndiyo, mtoto atalala vizuri, na hatakanyaga nje mpaka azeeke, kila mgeni atakuwa jambazi. Akijibu hapana, mtoto atajua bibi yake amefanya nini. Alikausha mikono, akachuchumaa kwa shida mpaka macho yakalingana.

"Hapana, mjukuu wangu. Alikuwa anakuwahisha kwangu. Mimi ndiye niliyegonga, na watu wakadhani mwizi. Yule hakuwa mbaya. Nje siyo kubaya. Usiogope watu kwa ajili ya uongo."

Chiriku alifikiri. Ulimi ulikuwa kwenye pengo, kama kawaida yake akifikiri.

"Kwa hiyo waliompiga ni wa humu humu."

"Ni wa humu."

"Na Baba Pipi? Anayenipa pipi? Yeye alipiga?"

Bibi alikuwa amemwona. Alikuwa amemwona vizuri kuliko wote.

"Naye alipiga."

Mtoto hakulia. Alitoka jikoni. Bibi alisikia anaburuza kiti sebuleni, akamfuata. Chiriku alikuwa amepanda juu ya kiti mbele ya geti, anajaribu kufuli la juu, analivuta kwa vidole vyote kuona kama limeshika. Kwenye ngazi zikasikika hatua za mtu anayepanda, na sauti ya Baba Pipi ikasalimia kwa uchangamfu, kama siku zote, "Hodi humu! Chiriku wetu hajambo?"

Chiriku alishuka kwenye kiti, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Kisha akamgeukia Bibi, akaweka kidole mdomoni, kumwonya asiitikie.