Mikono Chini

"Mikono chini," nilimwambia fundi viatu, na kijana yule kiziwi wa miaka ishirini na mitatu, mwenye duka lake na ndevu zake, akaishusha mbele ya ukumbi mzima kama nilivyomzoesha tangu akiwa na miaka sita.

Mjadala wenyewe niliuitisha mimi. Mwalimu mpya alikuwa ameanza kuwafundisha watoto wetu viziwi kwa lugha ya alama, na mimi nilikuwa nimewafundisha kutamka kwa mdomo kwa miaka thelathini. Wazazi wakaanza kunong'ona. Nikajipiga kifua: njooni ukumbini, mwenye swali anihoji hadharani, halafu wazazi wapige kura. Sharti langu lilikuwa moja tu, kila mtu aseme kwa mdomo. Mkuu wa shule aliliona la haki. Hata mimi, nawaapia, nililiona la haki.

Darasani kwangu watoto walikalia mikono yao. Nilishika kikaratasi mbele ya midomo ya mtoto, atamke "pa" mpaka kiruke, kisha nikauweka mkono wake kooni kwangu asikie mtetemo. Fundi viatu alikuwa mboni ya jicho langu. Miaka minane nilikaa naye na kile kikaratasi. Nilimpenda yule mtoto, na nilimchapa rula vidoleni kila alipovichezesha. Yote mawili ni kweli.

Siku ile alikuja kwa ajili ya mdogo wake, binti wa miaka sita, kiziwi kama yeye, aliyekuwa aanze darasa langu muhula uliofuata. Aliposhusha mikono, akafungua mdomo. Loo, sauti ile! Mishipa ya shingo ilimsimama. Mtu mmoja safu za nyuma akacheka, wa pili akadakia, na muda si muda hata kinamama walikuwa wameziba midomo kwa viganja. Hakuwasikia, lakini aliwaona. Aliendelea mpaka mwisho.

Mkuu wa shule akanigeukia. "Mwalimu, amesema nini?"

Ukumbini mle hakuna aliyemwelewa ila mimi. Sauti ile niliijenga kwa mkono wangu, herufi moja moja. Alikuwa amesema: "Mwalimu, mama aliumwa miezi saba. Hakuna aliyeweza kunieleza. Mimi nilijua kutamka 'paka'. Nilijua mama amekufa nilipoona jeneza. Mdogo wangu naye awe hivyo?"

Nilimwona mwalimu mpya pembeni akinisubiri, kalamu mkononi, na chuki niliyomwonea dakika ile sijapata kumwonea mtu mwingine.

"Anashukuru," nikasema. "Anasema bila mimi asingekuwa na sauti. Na mdogo wake naye ananikabidhi."

Makofi hayo, jamani! Baba mmoja alifuta machozi. Fundi viatu alikuwa amenikazia macho midomoni, maana kusoma midomo nako nilimfundisha mimi, na hakuna aliyewahi kumshinda. Alinisoma neno kwa neno. Mikono ikampanda mpaka kifuani, halafu akaishusha mwenyewe bila kuambiwa, akatoka. Kura nilishinda kwa mbali. Mwalimu mpya alihamishwa mwezi uleule, na yule binti nilimkalisha safu ya mbele, juu ya mikono yake, miaka minane.

Sasa nimestaafu. Mwaka jana kiatu changu kilibanduka soli, nikajikaza kwenda dukani kwake. Yeye alikuwa ametoka. Nilimkuta mkewe, mwanamke mchangamfu, masikio yake mazima, akanipigia soga huku akitafuta gundi. Roho haikunipa raha mpaka nikauliza: je, mumewe akiwa nyumbani huzungumza?

"Kwa mikono? Wee bibi, hanyamazi yule!" akacheka.

"La. Kwa sauti."

Akanitazama akidhani namtania.

"Kwani ana sauti?"