Mpaka Uliofungwa Ili Ufunguliwe

Kizuizi cha mpakani kilikuwa kimevikwa utepe, maua ya plastiki na bango lililoandikwa SOKO MOJA, WATU WAMOJA. Kwa heshima ya bango hilo, hakuna gari lililoruhusiwa kupita tangu alfajiri. Mpaka ulifungwa ili ufunguliwe. Mweleze mtoto mdogo jambo hilo, atakucheka. Lakini chini ya turubai walikaa watu wazima na shahada zao, wanapepewa na feni, na hakuna aliyecheka.

Mbele ya foleni alisimama mama aliyejulikana barabara nzima kwa jina la Bi Vifaranga. Gari lake lilijaa maboksi yenye matundu, na ndani yake vifaranga wa siku moja, mzigo wa kikundi cha akina mama wa upande wa pili. Walikuwa wamekwisha kumwambia bila kupindisha: safari hii wakifika wazima, tunaendelea nawe, wakifika wamekufa, tunahamia kwa kampuni ya mwekezaji. Mwekezaji mwenyewe alikuwa palepale chini ya turubai, kiti cha mbele, amesamehewa kodi na sasa amesinzia.

Kazi ya vifaranga haitaki kusimama. Gari likitembea, hewa inapita. Likisimama juani, linageuka tanuri. Ndiyo maana Bi Vifaranga hakuwasha redio safarini hata siku moja. Aliendesha akiwasikiliza. Wakisemezana chinichini, mambo shwari. Wakipiga kelele, joto limezidi. Muda huo walikuwa wakipiga kelele mpaka madereva wa malori wakageuza shingo.

Akamwendea mkuu wa kituo cha forodha, ambaye alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Dada ndiye aliyemsomesha, tena kwa mayai, trei baada ya trei, na siku kijana alipovishwa cheo alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka.

"Mdogo wangu, karatasi zangu zimekamilika. Niinulie tu kizuizi nipite, wataungua hawa."

"Dada, tafadhali." Kijana aliangaza macho kule jukwaani. "Gari la kwanza kupita lazima liwe lile la sherehe. Mheshimiwa hajakata utepe."

"Lile limebeba nini?"

"Maboksi."

"Ya nini?"

Mkuu wa kituo alirekebisha kofia yake. "Maboksi tu, dada. Kwa ajili ya picha."

Bi Vifaranga alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. Kumbe ndicho alichokipigia vigelegele! Mtu mzima analinda maboksi matupu yasipitwe na viumbe hai. Alirudi garini, akafungua milango yote, akawa anawapepea kwa kanga yake.

Hotuba zikaanza. Mheshimiwa alisifu vikwazo vilivyoondolewa, akiwa ameegemea kizuizi. Akamsifu mama mjasiriamali, akasifu biashara isiyo na mipaka, akapigiwa makofi na watu ambao hawajawahi kuvusha hata fungu la nyanya. Maneno yalivyozidi kumtoka, ndivyo kelele za vifaranga zilivyopungua. Boksi moja likanyamaza, kisha la pembeni yake. Mama wa watu aliacha kupepea. Alifunua boksi la juu, akaona, akalifunika polepole. Machozi yalimjaa lakini hayakushuka. Palikuwa na kitu kingine kimeyazuia, nacho kilikuwa dharau, baridi na safi, wala hakuionea haya.

Utepe ulipokatwa na bendi ikapiga, lori la sherehe likagoma kuwaka. Dereva wake alikuwa amekesha akisikiliza muziki, betri imekwisha. Watu wa itifaki walikimbia huku na huku kama wamemwagiwa upupu. Mara mkuu wa kituo akaja mbio, jasho linamtiririka.

"Dada, bahati imekuangukia! Utapita wewe, wa kwanza. Wanakubandikia bango sasa hivi." Akainamia dirisha. "Mzigo uko vizuri?"

Hapo angeweza kumwambia. Alimwona bado yule mtoto aliyekuwa akishika upindo wa gauni lake, na moyo ukamvuta. Kisha akatupa jicho kwenye turubai, kule mwekezaji anakozinduliwa usingizini ili apigwe picha.

"Mzigo ndio huo mlionisubirisha nao," alisema. "Nipishe."

Kizuizi kikapanda. Alivuka taratibu katikati ya makofi, redio imezimwa, nyuma yake kimya kitupu. Upande wa pili Mheshimiwa aliomba kupokea bidhaa kwa mikono yake mwenyewe. Alivuta boksi, akaondoa kifuniko, akaliinua kifuani akitabasamu, maana alikuwa akitazama kamera. Akina mama wa kikundi ndio waliotazama ndani. Mmoja aliguna, wa pili akashika mdomo, halafu harufu ikamfikia Mheshimiwa, na tabasamu likabaki usoni halijui liende wapi. Bendi iliendelea kupiga.

"Dada," mkuu wa kituo, aliyekuwa amelifuata gari, alinong'ona, "umeniua."

"Wewe unapumua," alimjibu, akishusha ubao wa nyuma wa gari. "Shika upande huo, tuwateremshe."