Mama wa Chewa Kumi na Saba

Saa nne asubuhi mama mfagizi alikuwa anapiga deki maabara. Binti yake, fundi wa humo humo, alikuwa anakata ncha za mapezi ya chewa, vipande kama ukucha wa mtoto, na kuvitia kwenye vichupa vya spiriti. Namba aliandika kwa penseli, maana spiriti hufuta wino wote. Chewa wa mwamba wa baharini, mbele ya maabara, walibaki kumi na saba tu, na kazi ilikuwa kutafuta alama za kurithi, zile zinazoonyesha nani ndugu wa nani.

Mashine ya kusoma alama hizo ikajibu: wote mama yao ni mfagizi.

"Umeshika bila glavu," mkuu wa maabara alimwambia binti. Wakarudia mara tatu. Jibu lile lile.

"Mama, hukuniambia nina wadogo zangu."

"Hukuuliza." Akakamua tambara. "Wenzio angalau hawamalizi sabuni."

Tangu hapo chewa walikuja kila alasiri, wakipanda ngazi kwa mapezi. Mama aliwawekea beseni la maji ya chumvi na kuwagombeza kwa kulowesha sakafu.

Ijumaa mkuu alileta fomu. "Saini hapa, mama. Wewe ndiye mzazi."

"Inasemaje?"

"Ya kawaida tu, mama," binti alisema, macho kwenye mashine.

Mama aliishia darasa la saba. Kusoma anajua, ila aliona haya kuwachelewesha wasomi. Kuisoma kungemchukua dakika mbili. Akasaini.

Jumatatu aliisoma, imebandikwa ubaoni: samaki mwenye mzazi aliye hai hahesabiwi kuwa hatarini, mzazi ameridhia mwamba uvunjwe, ijengwe gati.

Siku hiyo walikuja chewa kumi na mmoja. Jumatano wanne. Hakuuliza wengine wako wapi. Mitambo ya kuvunja mwamba ilisikika hadi chooni.

Alichukua spiriti na kitambaa, akaanza kuisugua sahihi yake. Haikufutika. Fomu ilikuwa imetiwa plastiki.

"Polepole, mama, utaikwaruza," mkuu alisema, bila ubaya wowote.

Alhamisi alikuja mmoja. Mama alimjazia beseni. Binti alileta mkasi na kichupa, akaandika kwa penseli: moja.

Mama akamshika chewa kichwa asifurukute, kama mtoto anayechomwa chanjo.