Oti ya Gaylord

Mwaka ule ukame uliikausha Montana mashariki, na robota la nyasi kavu, ambalo zamani lilikuwa dola sitini, likawa halishikiki hata kwa mia mbili. Ardis Skogen alikuwa na akiba ya nyasi ya kufika katikati ya Januari tu. Ng'ombe wake themanini, uzao wa majike sita alioachiwa na baba yake, walikuwa na mimba, na majani mabichi yasingeota kabla ya Mei.

Ndipo jirani yao Gaylord akaleta oti, nafaka inayofanana na ngano. Jua liliiunguza ingali changa, haikutoa punje, akaikata na kuifunga marobota. Aliiuza kwa nusu bei.

"Chukueni kabla sijapata akili," alisema.

"Wewe utoe kitu rahisi? Hata mafua yako huambukizi mtu bure," Verlin, mume wa Ardis, alimtania.

Ardis hakucheka. Kila mfugaji wa huko anajua kwamba oti iliyopigwa na ukame huweza kulimbikiza sumu kwenye mabua. Mnyama halishwi oti hiyo kabla haijapimwa. Alitoboa marobota kadhaa, akajaza mfuko wa sampuli, akautundika kwenye msumari jikoni, aupeleke mjini kesho yake.

Kesho yake theluji ilifunga barabara. Siku ya nne nyasi zilibaki marobota mawili, na ng'ombe walisimama kwenye uzio wakilia tangu alfajiri.

"Tungoje barabara ifunguke," Verlin alisema. "Njaa ya siku mbili haiwaui."

"Wewe una masikio kweli? Wasikie!"

"Nawasikia, mke wangu. Ndiyo maana nimewasha redio."

"Tutaichanganya oti na nyasi hizi zilizobaki. Kidogo tu, Verl."

Verlin alimtazama, kisha akaenda kuwasha trekta.

Lakini ng'ombe mwenye njaa hajui kidogo. Wenye nguvu waliwasukuma wenzao, wakaifakamia oti. Tulla, jike mzee mpole, alisukumwa pembeni. Ardis akamwonea huruma, akambebea oti ya kujaza mikono miwili na kumlisha mwenyewe.

Adhuhuri Tulla aliyumba, ufizi ukawa wa samawati, akaanguka. Kufikia jioni walikuwa wameanguka na kufa kumi na tisa. Daktari wa mifugo, kwenye simu, alisema hawezi kuvuka theluji, na kwamba wengi wa waliobaki huenda wakatupa mimba.

"Nigombeze basi," Ardis alisema.

"Ili iweje?" Verlin alimfuta theluji begani. "Barabara ikifunguka nitaita lori. Waliosimama waende mnadani wangali na nyama."

"Wote?"

"Tutawalisha nini, Ardis?"

Ardis aligeukia uzio. Ng'ombe waliosalia walikuwa wamemwona. Walipita kando ya wenzao waliolala, wakaja uzioni, wakanyoosha shingo kuelekea mikono yake, wakaanza tena kulia.