Hatua Mia Tatu

"Kuanzia leo tunavuta mabehewa kumi na mawili, baba," alisema Kitinda akiwa amesimama mlangoni, kikombe cha chai mkononi na kofia ya kazi kwapani. "Wameongeza mawili. Nitakaa mbali na dereva mpaka tuwe tunaandikiana barua."

Akacheka, akamalizia chai yake, akamuaga mama yake na kuondoka. Alikuwa gadi wa treni ya abiria, na gadi hukaa kwenye behewa la mwisho kabisa. Yeye mwenyewe ndiye mtoto wa mwisho nyumbani, na utani wa kwamba amezaliwa nyuma na ataajiriwa nyuma ulikuwa umechakaa siku nyingi. Asubuhi ile baba yake hakuutumia. Alibaki akiyawaza mabehewa yale mawili, kipande cha mkate mkononi bila kukila.

Mzee huyu alikuwa stesheni masta kwa miaka thelathini na mmoja, kwenye kituo kimoja kidogo ambako treni hupishana. Watu walimwita Bwana Hatua. Sababu ni kwamba hakuwahi kuheshimu kipimo kingine chochote duniani ila mguu wake. Hatua yake, alivyopenda kusema, ilikuwa sentimita tisini, haizidi, haipungui. Ukimuuliza urefu wa uwanja, anautembea. Ukimuuliza upana wa barabara, anaikata mara moja na kurudi, kisha anakupa jibu huku amenyoosha kidevu. Ofisini tepu ya chuma ilikatika ikatupwa, na hakuna aliyehangaika kuagiza nyingine, maana Bwana Hatua yupo.

Baada ya kustaafu, wenzake walifuga kuku. Yeye alichukua milango miwili mibovu, akailaza juu ya meza katika chumba kilichokuwa cha watoto, akaanza kukijenga upya kituo chake. Mita moja ya ardhi ikawa sentimita moja ya meza. Alirudi kituoni mara kadhaa na daftari, akapima kwa hatua zake jukwaa, ghala, tangi la maji, na hasa njia ya pembeni, ile ambayo treni ya abiria huingia kusubiri treni ya mafuta ipite kwenye njia kuu. Paa la stesheni alilikata kwenye kopo la maziwa. Kokoto zilikuwa mchanga aliouchuja kwa chujio la chai, jambo lililoleta ugomvi wa siku mbili na mke wake. Nyasi zilikuwa sifongo iliyokatwakatwa na kupakwa rangi. Ukiinama ukaweka jicho usawa wa meza, ungeapa unasikia harufu ya grisi.

Kwa hiyo asubuhi hiyo, mabehewa hayo yakiwa bado yamemkaa akilini, aliingia chumbani kwake na kuchonga mabehewa mawili zaidi. Hakupaka rangi. Aliyaunga nyuma ya yale kumi, akaisukuma treni yote kwenye njia ya pembeni mpaka kichwa kikafika kwenye ishara ya kutokea, kisha akaenda kutazama mkia. Ulikuwa umeingia, na nafasi ikabaki sentimita kumi na mbili, yaani mita kumi na mbili kule kwenyewe.

"Umeona?" alijiambia kwa sauti. "Unajitisha bure, mzee mzima."

Hesabu ile aliijua. Mwaka wake wa mwisho kazini, makao makuu waliandika kuuliza urefu wa njia ya pembeni, kwa sababu walitaka kurefusha treni. Alitoka akaitembea, akahesabu hatua mia tatu, akaandika mita mia mbili sabini, akatia sahihi na mhuri. Barua ilikwenda, miaka miwili ikapita, na leo mabehewa yameongezwa kwa nguvu ya barua hiyo.

Mke wake alimwita kutoka kwenye korido. Alikuwa fundi cherehani, na tepu yake ya kitambaa haikumtoka shingoni hata akipika. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, amekasirika.

"Baba watoto, uliniambia korido hii ina urefu gani?"

"Hatua kumi. Mita tisa."

"Nimenunua zulia la plastiki la mita tisa. Hebu tazama."

Zulia lilikuwa limefika ukutani, likapanda, likajikunja huko na kusimama. Mzee alilitazama kwa dharau.

"Tepu yako imevutika."

"Haijavutika."

"Tepu ya kitambaa huvutika, mke wangu. Mguu hauvutiki."

"Mguu wako?" Mke wake alikaa chini kabisa, akamtazama juu. "Nimepima mara tatu. Mita saba na sentimita themanini. Wewe tangu uvunjike nyonga unatembea nusunusu, unaogopa kuukanyagia mguu ule. Fimbo nimekununulia, umeificha nyuma ya kabati. Sasa unanilaumu mimi na tepu yangu."

Mzee aliushika mwimo wa mlango.

"Nilivunjika lini?" aliuliza.

"Unaniuliza mimi? Mwaka mmoja kabla hujastaafu. Si ulianguka jukwaani mvua ikinyesha."

Mwaka mmoja kabla. Na barua ya makao makuu ilikuja baada ya hapo. Mita saba na themanini kwa hatua kumi ni sentimita sabini na nane kwa hatua moja. Mara mia tatu. Alikuwa mwepesi wa hesabu maisha yake yote, na siku hiyo angetoa chochote awe mzito. Mita mia mbili thelathini na nne. Treni ya mabehewa kumi ilikuwa ikiingia vizuri bila mtu kujua lolote. Ya kumi na mawili, pamoja na kichwa, ni mita mia mbili hamsini na nane.

Alirudi chumbani akijikongoja na kuushika ukuta. Aliishika treni yake ndogo, akairudisha nyuma mpaka mkia ukatokeza sentimita ishirini na nne nje ya ncha ya njia, mahali ungekuwa kwa kipimo cha kweli. Behewa la mwisho lote lilikuwa nje, pale ambapo njia mbili zinakaribiana polepole mpaka ziwe moja. Zinakaribiana kwa upole mno, mtu aliyesimama hapo anaona nafasi ipo. Ndiyo maana huwekwa kigingi cheupe katikati, gadi akitazame na kujua kama mkia wake uko salama. Na kigingi hicho kilikuwa kimefukiwa na kokoto za ukarabati. Alikuwa amekitafuta mwezi uliopita ili akitie kwenye meza yake, akakikosa, akachonga kingine cha kijiti cha kiberiti na kusahau.

Akalichukua behewa la tangi la mbao la ile treni ya mafuta, akalisukuma taratibu kwenye njia kuu. Lilifika kwenye behewa la mwisho, likalikwaza, likalilaza ubavu. Akaondoa mkono haraka kama aliyeungua.

"Kuna nini?" Mke wake alikuwa mlangoni.

"Saa ngapi?"

"Saa nne kasoro dakika nane."

Treni ya Kitinda huingia njia ya pembeni saa nne kasoro kumi. Treni ya mafuta hupita saa nne kamili, haisimami.

Alimpigia bintiye. Simu ilikuwa imezimwa. Gadi haruhusiwi simu kazini, na aliyemfundisha kulitii agizo hilo ni baba huyu huyu. Alipiga kituoni. Ikaita, ikaita, ikakatika. Alijua kwa nini: stesheni masta yuko nje na bendera, anaipokea treni. Kwa haraka akabonyeza namba ya mtu wa maziwa, akakata, akaanza tena. Mke wake alikuwa amekwisha kuliona behewa lililolala, na alijua nani hukaa humo. Alishika tama akabaki hivyo.

"Stesheni," ilisema sauti ya mwanamke. Alikuwa mwanafunzi wake, aliyemkabidhi kituo kwa mikono yake. "Ah, Mwalimu! Shikamoo."

Hakuitika. "Abiria imeingia?"

"Imeingia sasa hivi, yote. Gadi amenipa bendera kwamba mkia uko ndani."

"Mkia uko nje. Irudishe ishara ya mafuta iwe nyekundu."

"Mwalimu?"

"Irudishe! Njia haitoshi mabehewa kumi na mawili."

Alimsikia akivuta pumzi, ile pumzi ya mtu anayetafuta maneno ya heshima ya kumwambia mzee kwamba umri umefika. "Mwalimu, nikiisimamisha mafuta bila sababu nitaandikiwa. Njia ya pembeni ni mita mia mbili sabini. Iko hapa ukutani, mwandiko wako, sahihi yako."

Kwa miaka mingi alikuwa akitamani wamkumbuke hivyo.

"Mwandiko ni wangu," alisema. "Mguu haukuwa wangu. Nilikuwa nimevunjika nyonga, nikapima kwa mguu mbovu, nikaona aibu kusema siwezi. Namba hiyo ni ya uongo, mama, nimeiandika mimi. Mwanangu yuko kwenye behewa la mwisho. Vuta namba mbili!"

Simu iliwekwa mezani kwa kishindo. Kisha akasikia viatu, kisha chuma. Mikono ile ya chuma ya kuendeshea ishara aliijua kila mmoja kwa sauti yake, na namba mbili ilikuwa na mlio wa kukwaruza aliokuwa akiahidi kila mwaka kuutia mafuta. Ukakwaruza. Na juu ya mkwaruzo huo, mbali, ndani ya simu, ikalia honi ya treni ya mafuta.

Kama ilikuwa imekwisha kuipita ishara, basi. Hakuna kitu tena duniani cha kufanya. Alisimama na simu sikioni, akisikia upepo wa chumba kile alichokaa nusu ya maisha yake, na mtu akipiga kelele nje, maneno hayasikiki. Alihesabu. Hakujua anahesabu nini. Alifika sitini, akapotea, akaanza upya. Mke wake alikuwa ameushika mkono wake mwingine na kucha zilikuwa zimezama kwenye nyama, naye hakuhisi.

Halafu breki. Mlio mrefu wa chuma juu ya chuma, uliokwenda na kwenda, na kila mara alipodhani umekwisha ukaendelea. Ukaisha. Baada yake palikuwa kimya, na alikuwa mzoefu wa reli kiasi cha kutosha kujua kwamba kimya si jibu.

Dakika tatu, au kumi. Mtu aliichukua simu.

"Baba."

Akakaa juu ya ndoo ya rangi.

"Matangi yamesimama," alisema Kitinda. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya mtoto wa miaka saba. "Yale pale, naweza kuyarushia jiwe. Baba, nilitazama nyuma nikaona nafasi ipo. Niliiona kabisa. Nikatoa bendera nikarudi kukaa, nikaanza kujaza fomu."

"Kigingi kimefukiwa," alisema baba yake. "Si kosa lako."

"Stesheni masta hataki kusema. Anatazama chini tu. Baba, hii namba ya ukutani ni ya nani?"

Angeweza kumwambia ni ya ofisi. Mhuri ulikuwa wa ofisi.

"Yangu," alisema.

Alisubiri Kitinda amwite baba, au amwite jina lingine lolote.

"Nipe mama," alisema Kitinda.

Mzee alimpa mke wake simu. Alibaki juu ya ndoo akitazama meza, ghala, tangi la maji, sifongo, behewa lililolala ubavu. Hakuthubutu kulisimamisha. Mke wake alisikiliza muda mrefu, akaitika mara mbili tatu, akasema, "Haya, mwanangu, kaa chini kwanza, kunywa maji," akakata. Alijifuta macho kwa upande wa kanga. Kisha akaivua tepu shingoni, akamwekea mapajani.

"Anasema uende ukaipime upya leo, kabla treni nyingine haijaingia. Atakungoja hapo hapo. Na anasema usipime kwa mguu."

Akatoka, akarudi na fimbo kutoka nyuma ya kabati. Mzee aliipokea. Tepu ilikuwa ya mita moja na nusu tu. Angelazimika kuinama na kuinuka njia nzima, mbele ya abiria wote wa mabehewa kumi na mawili.

"Njia itafika mita ngapi?" aliuliza mke wake, akimsaidia kusimama.

Jibu lilikuwa limekwisha kuja kichwani, kamili, kama kawaida yake. Alilimeza.

"Sijui," alisema. "Sijapima."