Kitambulisho cha Mwenye Miwani

Mimi ni fundi wa mapazia. Siku hiyo nilikwenda kupima madirisha kwenye jengo moja la ofisi, na pale getini ukiingia unaacha kitambulisho. Nilipotoka, mlinzi akachakura kopo lake, akanipa kitambulisho cha mtu mwingine.

"Huyu si mimi," nikamwambia.

Akaangalia picha, akaniangalia mimi. "Mnafanana."

"Tunafanana nini? Huyu ana miwani!"

"Basi yeye ndiye kachukua chako. Atakirudisha tu. Usiwe na shaka, dada, vyote huwa navipiga picha, naviweka kwenye kundi letu la simu, sisi walinzi. Tuko wengi mle. Wewe huwezi kupotea."

Nilitamani kumvisha lile kopo kichwani. Lakini kituo anakolelewa mwanangu Bonge kilikuwa karibu kufungwa, na mkurugenzi mpya ameweka sheria: bila kitambulisho cha mzazi, mtoto hatoki. Mume wangu yuko safarini. Nikampigia dada yangu huku nikikimbia.

"Makubwa!" akasema. "Sasa mtu akifanyie nini kitambulisho chako? Wewe fundi wa mapazia, si waziri."

Nikacheka. Kweli, mimi nani? Shida yangu ilikuwa Bonge tu, wasije wakaninyima. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumlainisha mlezi.

Kituoni nikamkuta mlezi mgeni, hajawahi kuniona. Nikaanza kujieleza, akanikatiza.

"Kitambulisho, mama."

Sikuwa na kingine, nikampa kile cha mwenye miwani. Hata hakukigeuza upande wenye picha. Alikuwa anajibu ujumbe kwenye simu yake.

"Namba ya siri?"

"Namba gani tena?"

"Moja mbili tatu nne. Ni ya wote, tumeona wazazi wanapata tabu kukumbuka. Mtoto yupi?"

"Yule bonge, mwenye soksi za kijani."

Akaniletea Bonge amelala fofofo, akamlaza begani kwangu, akanirudishia kitambulisho. Jamani, raha niliyoisikia! Nilimshukuru yule binti mpaka nikamwombea mume mwema.

Nilipofika mlangoni nikakitazama kile kitambulisho mkononi. Nikarudi.

"Wewe, unanijua mimi?"

"Si mama yake?"

"Umejuaje?"

Akanishangaa. "Si umekuja kumchukua? Nani atakuja kuomba mtoto wa watu?"

Nikambana Bonge kifuani mpaka akaamka, akaangua kilio, na mimi machozi yakanitoka. Mlezi akaniomba nimtulize, anawaamsha wenzake, na wao bado hawajachukuliwa.