Nyonga ya Glenys

Kila Jumamosi asubuhi wakimbiaji wazee wa Ziwa Wendouree hukutana penye banda la mashua ili wadanganyane. Kukimbia huja baadaye.

"Mwenzangu, goti limekufa kabisa," husema mmoja.

"Afadhali wewe. Mimi mgongo umeniliza usiku kucha."

"Lakini unapendeza!"

"Unapendeza wewe!"

Hupigana vibao vya mgongoni, kisha huondoka polepole, kila mmoja akimchunga jirani yake asije akamzidi kwa kwenda polepole. Akina mama wenye vigari vya watoto huwapita. Siku moja walipitwa na bata maji aliyekuwa akitembeza vifaranga vyake.

Sababu ni Mbio za Juni. Katika mbio hizo watu hawaondoki pamoja. Alwyn Pascoe, aliyekuwa na bucha kabla hajastaafu, huwatazama mazoezini, kisha humgawia kila mtu dakika zake. Dhaifu kuliko wote hutangulia, mwenye mbio kuliko wote huondoka mwisho, ili wakaribie kufika pamoja. Kwa hiyo anayetaka kushinda lazima kwanza aonekane anakufa. Lakini asizidishe, maana Alwyn akigundua siku ya mbio kwamba mtu alificha nguvu zake, humfuta kwenye mbio. Jina la mshindi huandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao wa klabu. Hapa mjini Ballarat nimewaona watu waliozika waume zao kwa machozi machache kuliko waliyomwaga mbele ya ubao ule.

Jina la Glenys Treloar halikuwemo. Alikuwa amekimbia Mbio za Juni tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hakuwahi kushinda hata mara moja. Mimi nimepanga chumba cha nyuma nyumbani kwake, kwa hiyo nilijua ambalo wenzake hawakulijua: nyonga yake ilikuwa imekwisha kweli. Asubuhi alishuka kitandani kama mtu anayeshuka mtini. Daktari alikwishampangia operesheni mwezi wa Julai, na akamwambia baada ya hapo ni kutembea na kuogelea tu. Juni hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho, na bila kutanguliziwa dakika nyingi asingefua dafu.

Akaenda mazoezini akichechemea, nami nikamsindikiza. Des Hallinan, mwalimu mkuu mstaafu ambaye ubao unamjua vizuri, alimpigia makofi.

"Safi sana, Glenys! Unauburuta mguu mpaka kokoto zinalia. Umejifunza wapi?"

"Naumwa, Des."

"Na sauti nayo! Jamani, msikieni!"

Glenys akatoa picha ya eksirei. Alwyn aliinyanyua juani akaikagua kama paja la ng'ombe.

"Nyonga ya nani hii?"

"Yangu!"

"Mwaka juzi Des aliniletea ya mama mkwe wake."

Wakanigeukia mimi. "Binti, unakaa naye. Anaumwa?" Mbele ya watu ulimi wangu huganda. Nilisema ndiyo, nikitazama viatu vyangu.

"Hata mpangaji wake amefundishwa!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Tuliporudi nyumbani, Glenys aliketi na chai yake bila kuigusa. "Hapa kila mtu ana ugonjwa wa uongo," alisema. "Nani ataamini wa kweli? Basi mimi nitawapa afya."

Jumamosi iliyofuata alimeza vidonge vyake, akavaa kaptura mpya ya rangi ya waridi, akafika akipunga mikono. "Hamjambo, wapenzi! Sijajisikia hivi tangu niolewe!" Akatangulia mbele yao wote akitabasamu. Lile tabasamu mimi nalijua. Ni meno yaliyobana kilio.

Nyuma yake wenzake wakasogeleana.

"Maskini," Des akanong'ona. "Amekwisha."

"Moyo?"

"Hata sijui. Lakini mtu hasemi yuko mzima bila sababu."

Kadiri alivyojisifu ndivyo walivyozidi kumhurumia. Mmoja alimletea supu ya maboga mlangoni. Siku ya kugawa dakika, Alwyn alimpa Glenys nyingi kuliko watu wote, hata kumzidi Beryl mwenye miaka themanini na mitatu. Beryl alinuna wiki nzima.

Asubuhi ya mbio kulikuwa na umande wa barafu kwenye nyasi. Glenys aliondoka wa kwanza, peke yake, na sehemu kubwa ya mzunguko wa ziwa aliimaliza vizuri. Halafu, utepe wa kumalizia ukiwa tayari unaonekana, nyonga ikakaza. Akawa anauvuta mguu kama gunia. Nyuma yake akatokea Des, anatimka kama sungura.

Katika klabu hii anayekupita lazima akutie moyo. Ndiyo adabu yao, na ndicho kisu chao.

"Unakwenda vizuri, Glenys!" Des alipaza sauti. "Unapendeza! Usijiumize, mama, pumzika kidogo!"

Glenys hakugeuka. Alipaza sauti hadi penye utepe, Alwyn alikosimama na saa yake:

"Na wewe unapendeza, Des! Goti linaendeleaje?"

Des alikuwa amelifunga goti hilo bandeji tangu Machi. Watu wote wakalitazama. Alwyn naye akalitazama. Des akakumbuka, akaanza kuchechemea palepale, ila kwa haraka zake alichechemea kwa mguu usio na bandeji. Alipogundua akabadilisha mguu. Alipomaliza kubadilisha, Glenys alikuwa amelala kifudifudi upande wa pili wa utepe.

"Kuchechemea mpaka mwisho!" Beryl alisema kwa uchungu. "Huyo ndiye bingwa wa waongo."

Julai, siku ya pili baada ya operesheni, Alwyn na Des walifika hospitali na zabibu. Des alikula nyingi kidogo, kisha akakohoa.

"Tunaweza kuona kovu?"

Glenys akainua ukingo wa shuka. Wakainama wote wawili, wakatazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ulikuwa unaumwa," Des alisema kwa hasira. "Ungetuambia!"

Alwyn alikuwa anahesabu kwa vidole. "Nyonga mpya kabisa. Mwakani, Glenys, utaondoka wa mwisho."

"Daktari amesema sitakimbia tena."

Alwyn alimtazama Des.

"Mwaka huu ameanza kuumwa mapema," alisema.